Sauti ya Chizuru

Mheshimiwa Meya Onodera. Mwalimu Mkuu Hirabayashi. Walimu, wazazi wenzangu na wageni wote mliokanyaga theluji ya Machi kuja hapa. Nanyi watoto, ambao nimeahidiwa mtatulia kwa dakika tano. Na wewe Mwalimu Sumie, unayestaafu leo baada ya kufundisha muziki shuleni hapa kwa miaka thelathini na mmoja: nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni Kuramochi, muuza tofu, ile jibini laini ya soya. Mnanijua kwa tarumbeta yangu ndogo ninayoipuliza kila jioni nikipita mitaani. Msilolijua ni kwamba kwa miaka thelathini na minne sikuimba hata wimbo mmoja. Nilipokuwa darasa la pili, katika mji mwingine, mwalimu aliniambia mbele ya wenzangu, "Wewe Yasuo fungua mdomo tu, usitoe sauti." Nikatii. Niliufungua mdomo katika mahafali yangu, katika harusi za ndugu zangu, hata siku za kuzaliwa za watoto wangu, kimya kama samaki.

Binti yangu Chizuru akairithi sauti hiyohiyo. Alipokuwa darasa la nne, shule ikijiandaa kwa mashindano ya nyimbo ya wilaya, alirudi nyumbani akakataa kula. Mwenzake Tetsuya alikuwa amemwambia, "We Chizuru, ukiimba ni kama friji letu linataka kufa." Mnacheka. Hata mimi ningecheka, kama asingekuwa mwanangu.

Nikamwendea Mwalimu Sumie, nikidhani namsaidia mtoto.

"Mwalimu, naomba Chizuru afungue mdomo tu. Asiwaharibie wenzake."

Akauliza, "Bwana Kuramochi, nani alikufundisha hilo?"

Nikageuka niondoke.

"Kesho njoo na tarumbeta yako," akasema.

"Mwalimu, ile ni ya kuuzia tofu. Ina sauti mbili tu."

"Mbili ni nyingi. Mimi natafuta moja."

Kesho yake nikasimama mbele ya darasa na aproni yangu, nikapuliza. Mwalimu akamwambia Chizuru aimbe ile sauti aliyoisikia tangu alipozaliwa. Akaimba, na sauti zetu zikalingana kabisa. Mwalimu akaitafuta kwenye piano, akawageukia watoto: "Hii ndiyo sauti ya Chizuru. Leo sote tunaanzia hapa. Tetsuya, na wewe pia."

Wimbo mzima ukashushwa. Tetsuya, mwenye sauti nyembamba, akahangaika. "Mwalimu, huku chini sifiki."

"Chizuru naye hafiki huko juu kwako. Basi msaidie, naye akusaidie."

Kwa miezi miwili watoto wale walipanda pamoja, kila siku juu kidogo kuliko jana, wakingojana. Mzazi mmoja, ambaye sitamtaja kwa kuwa yuko safu ya tatu na tayari anacheka, alilalamika kwamba kwa mwendo huo tutashindwa. Alisema kweli. Kati ya shule sita tulikuwa wa tano. Lakini ndani ya basi la kurudi watoto waliimba njia nzima, dereva akapitiliza kituo chetu, na hakuna aliyemwambia, hata Mwalimu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwaongoza. Sisi wazazi tuliokuwa tukiwasubiri tuliganda kwenye geti la shule dakika arobaini.

Chizuru sasa yuko sekondari. Hakuwa mwimbaji, anapenda mpira wa kikapu. Ila mwaka jana alinisimulia kwamba mwanafunzi mgeni alikwama akisoma kwa sauti, darasa likaanza kucheka, na Tetsuya, Tetsuya yuleyule, akasema, "Mngojeni, bado anatafuta." Ndugu zangu, ni somo gani jingine lingemfundisha hilo? Katika hesabu mtoto anaweza kupata zote bila kujua kwamba jirani yake ameachwa nyuma. Katika wimbo, asiyemsikiliza jirani yake tayari amekosea.

Na mimi je? Siku ile ya tarumbeta Mwalimu hakuniruhusu kuondoka mpaka wimbo uishe. Niliimba. Niliimba vibaya sana, nikarudi dukani nikiwa nimechelewa na nikiwa na furaha ambayo mke wangu aliidhania homa.

Mheshimiwa Meya, mji huu ni mdogo na habari hazifichiki. Inasemekana baada ya leo shule haitapewa mwalimu mwingine wa muziki, na walimu wa madarasa watagawana vipindi hivyo wakipata nafasi. Mimi ni muuza tofu tu. Utachukua vipande vyako viwili vya tofu Alhamisi kama kawaida, hata ukiamua vipi. Lakini mwezi ujao watoto kumi na tisa wanaingia darasa la kwanza. Hakuna hata mmoja wetu ajuaye sauti zao zikoje. Wengine hata wao wenyewe hawajui. Naomba tu, siku watakapofungua midomo, awepo darasani mtu ambaye kazi yake ni kuwasikia.

Mwalimu Sumie, tunakushukuru. Nanyi nyote, asanteni sana kwa kunipa masikio yenu.