Makelele ya Majirani wa Rugenge

Ndugu zangu, mnanijua mimi ni mtu wa benchi la nyuma. Leo mmeniomba nisimame nitoe ushuhuda, nami nitasema yote, hata yanayoniaibisha. Sina shule nyingi. Mimi ni seremala. Aliyejua mambo ya antena nyumbani kwetu alikuwa marehemu mke wangu.

Yeye ndiye aliyefunga antena juu ya paa letu hapa Rugenge, mjini Uvira, ikitazama Sange. Huko Sange dada yake ana chumba kidogo kando ya barabara. Wanafunzi wanajiandikishia mitihani humo, wakulima wanaongea na watoto wao walio mbali. Mtandao unatoka kwetu mjini, unapita hewani juu ya mashamba ya mpunga mpaka kwake. Chumba hicho ndicho kinachomlisha shemeji yangu. Kazi yangu mimi ilikuwa kuchonga mlingoti na kushika ngazi.

Tulipokwisha kumzika, mtandao ukaanza kufa. Asubuhi unakuja, kufika saa nne umezimia. Shemeji akanipigia: "Shemeji, watu wanaondoka. Kama rezo haiko, minye nitafunga mulango." Nikamwahidi nitatengeneza, wala sikujua pa kuanzia.

Nawaambia ukweli, nilianza kwa kumshuku jirani. Ng'ambo ya barabara anakaa mwanaume anayegawa mtandao kama sisi. Kwenye kilio chetu alikaa siku tatu, na mara kwa mara nilimwona akitazama paa langu. Mtu amekuja kulia, macho yake yanatafuta nini juu ya bati? Tulipoondoa matanga akabisha hodi mara mbili. Nilimwona kupitia dirisha, nikanyamaza mpaka akaenda.

Nikampigia fundi wa Bukavu aliyemuuzia mke wangu vyombo. Akaniuliza maswali machache, akasema, "Papa, shida yako ni makelele. Makelele ya majirani."

Mnajua neno hilo linavyoingia katika masikio ya mfiwa. Nilielewa kwamba wananisema: mke amekufa, mjinga wake ataweza nini? Nikavuka barabara moja kwa moja.

"Weye! Unasema nini juu ya nyumba yangu?"

"Minye? Sijasema kitu, papa."

"Fundi ameniambia! Makelele inatoka kwako!"

Mke wake akachungulia mlangoni. "Makelele gani? Hata redio yetu ilikufa tangu mwezi jana."

Watu wa barabarani wakacheka. Nikarudi nyumbani nikiwa na hakika zaidi kwamba ni wao.

Muuzaji mmoja sokoni ndiye aliyenifafanulia. "Ni makelele ya antena, papa. Mjini ziko nyingi, zote zinaongea pamoja, hazisikilizani. Chukua hii ampli, inaongeza nguvu ya antena. Weye ndiye utapiga makelele kubwa kuliko wote." Maneno hayo yaliupendeza moyo wangu mbaya. Niliuza misumeno yangu nikainunua.

Nikaifunga. Shemeji akasema bado. Lakini niliona wateja wa jirani wamesimama nje wanamgombeza, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, ndugu zangu.

Siku ya tatu nilikuwa napiga randa uani, nikamwona jirani ameingia bila hodi, ordinatere kwapani. Akaniwekea juu ya benchi langu la kazi. Kwenye kioo cha kompyuta hiyo kulikuwa na mistari inayopanda na kushuka kama milima.

"Kila mlima ni antena ya mutu hapa Uvira," akasema. "Na huu mrefu kupita yote ni weye."

"Ordinatere ni yako. Inaweza kuandika unachotaka."

Akatoa simu. "Sawa. Nazima yangu. Uliza Sange."

Akampigia mke wake, naye akazima. Nikampigia shemeji, hakuna kitu. Jirani akamwambia mke wake awashe tena.

"Sasa zima ampli."

Nikapanda ngazi, nikazima. Kabla sijashuka ngazi, mtu akapiga yowe ng'ambo: "Rezo imerudi!" Na nyumba ya nyuma yangu nayo: "Hata huku!" Nilibaki juu ya ngazi. Sikutaka kushuka nimtazame usoni.

Aliniambia polepole, kama mtu anayemfundisha mgonjwa kutembea. Sange ni tambarare na kimya. Sange inatusikia vizuri. Sisi wa mjini ndio tusioisikia Sange. Nimeongeza mdomo, na kinachoumwa ni sikio. Antena ya marehemu ina mlango mpana, inasikia kila upande. Alipoinunua, mapaa ya Rugenge yalikuwa matupu. Sasa inahitajika parabole, antena ya sahani yenye ukingo mrefu pembeni, isiyoona kitu ila Sange, na njia ya hewani ambayo wengine hawajaijaza.

"Mbona hukuniambia mapema?"

"Kwenye kilio? Niongee antena, na marehemu yuko pale ndani? Yeye na minye tulikuwa tumegawana njia. Wengine wamefika, nilitaka tugawane upya. Nilikuja. Haukufungua."

Wiki nzima tulisikiliza hewa kabla ya kununua chochote: asubuhi, adhuhuri, jioni, tukiandika katika daftari njia zipi zimejaa. Siku mbili za kwanza bado nilikuwa napima kila anachoniambia kwa fundi wa Bukavu. Kila mara fundi alisema ndivyo. Tukapata parabole iliyokwisha kutumika, tukaigeuza kidole kwa kidole huku shemeji akisoma namba upande wake. Kisha nikampigia kupitia mtandao wenyewe.

"Shemeji! Unanisikia?"

"Nakusikia. Acha kupiga makelele kama mbuzi, watoto wanajiandikishia mitihani."

Namshukuru huyo jirani, ambaye leo sitamtaja jina, na mke wake, na shemeji aliyenivumilia. Mwenye kutaka kuvusha mtandao mbali kutoka mji huu, namwomba kitu kimoja: kabla hajanunua nguvu, asikilize kwanza kilichopo hapo alipo. Na mwenye kilio naye asifunge mlango kwa kudhani tu.

Ile ampli watu walitaka niiuze. Nimeifungua nikaitupa, maana ningemhamishia mwingine makelele. Na kama kuna mtu humu ambaye siku zile tatu rezo yake ilikatika katikati ya maneno na mtoto wake aliye mbali, akadhani mtoto amemkatia simu, hakumkatia. Ni mimi. Naomba anisamehe.