Mama Aliyefia Usailini

Fundi cherehani aliyekaa nyuma ya msichana na mzee ndani ya basi alijifanya anasinzia, ila masikio kayatega. Msichana alikuwa anatoka kwenye usaili wa chuo cha kusomea kupiga picha za eksirei.

“Waliniuliza kwa nini naitaka kazi hii,” alimwambia mzee wa pembeni yake. “Nikasema mama alikufa kwa kukosa eksirei. Mmoja wao akatokwa machozi. Wamenichukua.”

“Pole, mwanangu.”

“Yuko hai, baba. Hata gauni hili kalipiga pasi yeye.”

Fundi aliona aibu kana kwamba uongo ule kausema yeye.

“Rudi ukawaambie,” mzee alisema.

“Watanikata jina.”

“Basi mwambie mama.”

Basi lilisimama. Kituoni mwanamke mmoja alikuwa akichungulia madirisha huku anatabasamu, anamtafuta bintiye. Msichana hakuinuka.