Kazadi Muamba na mstari alioongeza chini ya fomu

Tarehe 31 Desemba 1984, Citoyen Kazadi Muamba anastaafu baada ya miaka ishirini na saba katika ofisi yetu ya ustawi wa jamii, hapa Kolwezi. Aliingia kama karani wa kugawa unga na sabuni. Anatoka akiwa mkaguzi wa nyumba, daraja la pili, pale pale alipokuwa miaka tisa iliyopita. Kwa nini hakupanda, nitasema.

Wote tunaijua baiskeli yake isiyo na breki, anayoisimamisha kwa kisigino. Tunajua pia kwamba hakuna mama wa mtaa wa Musonoi aliyemwacha aondoke bila kula bukari, ugali wetu wa huku, na kwamba yeye hakuwahi kubishana.

Mwaka 1975 mimi, Mwenze, nilitoka chuo kikuu na shahada ya sosholojia na kiburi tele, nikawekwa mkuu wa ofisi hii. Nilitunga fomu ya kupima maendeleo ya familia: kitanda alama mbili, pazia moja, redio tatu. Wenye alama nyingi wangepewa nyumba mpya. Sala, kulea yatima, kukaa na wafiwa, hayo niliyaita mabaki ya zamani, sikuyapa kitu.

Kwa dereva Bilali na mkewe Amisa, alama zilikuwa tatu. Kazadi akaongeza mstari chini, kwa kalamu yake: wanalea yatima watano, na mtaa ukifiwa wao ndio wa kwanza kufika. Nilimwita nimkemee. Akanijibu taratibu, "Chef, hii fishi yako inaesabu bitu, bantu inabaacha inje." Yaani fomu yangu inahesabu vitu, watu inawaacha nje. Nilicheka mbele ya ofisi nzima, nikatia barua ya onyo katika faili lake. Barua hiyo ndiyo iliyomzuia kupanda. Bilali na Amisa hawakupata nyumba.

Miaka miwili baadaye mama yangu alifariki. Wenzangu wenye redio walileta shada la maua, wakakaa saa moja. Mwanamke mmoja nisiyemfahamu alikaa siku tatu akiosha sufuria zetu. Kazadi ndiye aliyeniambia ni Amisa, na kwamba alijua vizuri mimi ni nani.

Niliona haya, na bado naona. Hata hivyo barua sikuitoa, niliogopa kuulizwa sababu. Nimeichana juzi, wakati haikusaidii tena, Kazadi.

Asante kwa kazi yako na uvumilivu wako. Upumzike vizuri na mkeo, mama Tshibola, mwone wajukuu wengi. Kamati ilipokuuliza unataka zawadi gani, uliomba niende kumtaka Amisa radhi. Nitakuja Jumapili. Tafadhali twende wote, maana peke yangu sitaweza kubisha hodi.