Bei ya Wali wa Angani

Kijiwe chetu kipo nyuma ya soko la Ujiji, pale barabara inapoanza kushuka kwenda mwaloni, kwenye mitumbwi ya dagaa. Benchi ni moja tu, la mbao za mtumbwi uliooza, na watu wa kudumu ni wanne. Bonifasi ndiye mwenye birika na vikombe, kwa hiyo hata akisema upuuzi tunamsikiliza. Erasto tunamwita Stesheni, maana alibeba mizigo stesheni ya Kigoma miaka kumi na minane, na mpaka leo kila kitu anakipima kwa treni. Selestini ni Injinia. Anatengeneza redio, na ikimshinda anasema imechoka yenyewe. Mimi ni Telesphory, fundi baiskeli, jina la kijiweni Spoku. Haya ninayosimulia ni ya mwaka elfu mbili na saba, wakati wakimbizi wa Burundi, wale wa tangu sabini na mbili, walipoanza kuitwa majina kambini na kupelekwa Marekani kwa ndege. Na niseme mapema nisije nikaitwa mnafiki: niliona wivu.

Bigirimana alikuwa mtu wa tano wa benchi letu, ila wa Ijumaa tu. Siku hiyo alikuwa akipata kibali cha kutoka kambini, anakuja kununua dagaa za kwenda kuuza kule, na baiskeli yake niliitengeneza mimi kwa miaka tisa. Mpaka wa Burundi aliuvuka akiwa mgongoni kwa mama yake. Tulimpenda. Alikuwa na adabu, alicheka utani wetu hata usiochekesha, na shida zake zilikuwa kubwa kuliko zetu. Mtu wa namna hiyo si kazi kumpenda.

Ijumaa ile alikuja kwa miguu. Baiskeli alikuwa ameiuza juzi yake Kidahwe, elfu arobaini na tano. Akatusalimia mmoja mmoja, akakaa, akatuambia majina yao yametoka: yeye, mkewe Révérienne na watoto wanne. Jumatano gari la shirika la wakimbizi lingewachukua mpaka uwanja wa ndege wa Kigoma, wapande ndege ndogo mpaka Nairobi, kisha kubwa, safari ya siku mbili.

Hakuna aliyesema hongera. Bonifasi alimimina kahawa mpaka ikammwagikia vidoleni. Mwisho Stesheni akasafisha koo.

— Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu jembe tulimpa. Mabawa kapewa na nani?

Bigirimana akacheka, akidhani ni ule utani wa siku zote. Ndipo akalitoa lililomleta. Mama yake, Gloriose, hakuwa kwenye orodha. Bibi yule miaka yote aliishi Simbo akilima mihogo ya watu, hakuwahi kujiandikisha kambini, na shirika lilichukua walioandikishwa. Hela ya baiskeli Bigirimana alitaka kumwachia yote, aezeke nyumba kabla mvua hazijakolea. Lakini alikuwa na hofu moja. Wakimbizi walifundishwa siku tatu namna ya kusafiri, na siku ya somo la chakula yeye alikuwa Kidahwe na baiskeli yake. Aliyehudhuria ni mkewe.

— Révérienne anasema kwenye ndege tutakula bure, akatuambia. Bure ipi, sha, ndugu zangu? Hata mgao wa kambini una kadi na foleni. Nyie watu wa mjini mnajua. Watoto wanne wakila siku mbili, nitadaiwa au sitadaiwa?

Sasa mimi nilikuwa najua. Binamu yangu Regina anafanya kazi Dar kwenye jiko linalopika chakula cha ndege, na alishanieleza mwenyewe kwamba safari ndefu kama hizo sahani imo ndani ya tiketi. Unaletewa wali, kuku, mkate, mpaka kitamu cha mwisho, na ukimaliza unaulizwa chai au kahawa. Jibu lilikuwa mdomoni. Nikajipa shughuli ya kupuliza kikombe changu.

Stesheni akawahi.

— Sikiliza, bwana mdogo. Kwenye treni, Uvinza unapata chumvi, Tabora asali, Saranda kuku, vyote dirishani. Wa kwanza akikulalia unamngoja wa pili. Ndege ina stesheni njiani?

— Haina.

— Dirisha lake linafunguka?

— Nasikia halifunguki.

— Basi muuzaji ni mmoja. Muuzaji akiwa mmoja, sahani ya wali ni bei ya mbuzi.

Injinia hakupenda kupitwa na mbeba mizigo. Akaeleza kwamba juu ya kila kiti cha ndege pana kitundu kinachopuliza hewa, na safari ikifika katikati, kitundu hicho hicho kinapulizia harufu ya kuku wa kukaanga. Isitoshe, ukiwa juu tumbo linatanuka lenyewe, kama mpira wa baiskeli ulioachwa juani, muulizeni Spoku. Ndiyo maana mtu mzima mwenye akili zake anakula sahani tatu bila kujijua, na anakuja kujijua wakati wa kulipa. Mimi nikatikisa kichwa kama shahidi.

— Na kimeza je? akasema Bonifasi. Mbele ya kila abiria kuna kimeza kimekunjwa. Ukikishusha tu, umeshaagiza.

Ameyajulia wapi, hakuna aliyemuuliza. Bonifasi hajavuka hata ziwa kwenda Kalemie.

Stesheni akaongeza kwamba chakula chenyewe kinapitishwa kwa kigari katikati ya viti, na wahenga hawakukosea waliposema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chakula kinachotembea kwa magurudumu ni kibaya, na bado utakilipia.

Bigirimana hakuwa anacheka tena. Aliuliza kama wanapokea shilingi. Injinia akamwambia dola tupu, kwa sababu kule juu hakuna nchi. Akauliza kama mkewe anaweza kuwafungia watoto dagaa za kukaanga na mikate ya muhogo. Tukamwambia itatupwa uwanjani, na hilo tulilisema wote kwa pamoja. Akawa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza. Alisema atawakataza watoto kugusa kile kimeza mpaka yeye atoe ruhusa, na yule mdogo, mwenye mikono mirefu, atamkalisha karibu na mama yake. Kisha akanigeukia mimi.

— Spoku, ndugu yangu. Hawa wananitania, nawajua. Wewe hunitanii. Hela niiache kwa mama, au niibebe?

Nitasema ukweli wa moyo wangu wakati ule. Nilimwona yuko dirishani na paja la kuku mkononi, anaitazama Ujiji yote kutoka juu, na mimi niko chini nimeinama na spana. Nimezaliwa hapa. Nimepiga kura kila uchaguzi. Nilijenga banda langu kwa mikono yangu, na Dar yenyewe sijafika. Yeye aliyekuja amebebwa, anaondoka amebebwa.

— Cha bure kina mwenyewe, nikamwambia. Ibebe.

Akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, kama kwao wanavyomshika mtu wa kuheshimiwa, akanishukuru. Akalipa kahawa ya benchi zima. Kisha akaenda Kigoma mjini kubadilisha shilingi ziwe dola kabla maduka hayajafungwa.

Alipopotea kwenye kona nikawaambia wenzangu habari za Regina. Sikujua kwa nini nawaambia. Labda nilitaka waniambie nimekosea. Injinia akatazama ndani ya kikombe chake, akasema na yeye alishasikia redioni kwamba chakula kiko kwenye nauli. Stesheni akasema naye alihisi hivyo, ila alidhani mmoja wetu atamwambia. Bonifasi akaanza kuosha vikombe visivyo vichafu.

Zilikuwa zimebaki siku nne. Fundi mwenye baiskeli saba mlangoni hawezi kusema kambini ni mbali. Jumamosi nilikuwa na kazi za watu. Jumapili nilikuwa kanisani, tena nikakaa mbele. Jumatatu nilisema mvua, na mvua ilikuwa manyunyu. Jumanne nilijiambia kwamba huenda mkewe atamshinda kwa hoja, kwani wanawake wakijua jambo hawaliachi. Jumatano saa nne asubuhi ndege ikapita juu yetu, na wote wanne tukainua macho. Stesheni akasema labda siyo yenyewe.

Ijumaa iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi alipofika bibi mmoja mwembamba, khanga imeloa mpaka magotini. Tukampa shikamoo, akaitikia, akaongeza na amahoro, salamu ya kwao. Bonifasi akampisha akae na kumpa kahawa bila kumwomba hela. Akajitambulisha kwamba anatoka Simbo, naye ndiye mama yake Bigirimana.

Alikuwa na furaha, ndicho kilichoniuma. Alisimulia kwamba mwanawe alikuja Jumanne kumuaga na watoto wote, na kwamba alimpigia magoti kumwomba radhi, kwa sababu hela ya paa imebidi iende na watoto. Chakula cha ndege kinauzwa, watu wanaojua walimweleza. Bibi akamwambia asijali, mtoto hafungi safari na njaa.

— Mimi mvua nimeizoea, akatuambia. Nyasi zimeanguka upande mmoja, nalala upande mwingine.

Akanywa funda moja, akakishika kikombe kwa mikono miwili kuipasha moto.

— Ila aliniambia hivi: mama, ikikushinda, nenda Ujiji kijiweni. Nina rafiki pale, rafiki wa kweli, hatakuacha. Jina hakunitajia. Alisema nikifika nikiuliza tu, mwenyewe atajitaja. Ni nani kati yenu, bana banje, wanangu?

Stesheni aliangalia barabara. Injinia aliangalia viatu vyake. Bonifasi alikuwa ameshika birika na hakumimina. Mimi nilipuliza kikombe changu.

Bibi akatutazama usoni, mmoja baada ya mwingine. Akadhani hatukumsikia, akauliza tena, taratibu, kwa sauti kubwa kidogo.