Mbuzi wa Kocha Oketch

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Séraphine weka chini hicho kikombe cha uji, maana mtu hawezi kugawa mali yake huku anafutwa kidevu. Opoka, kaa pale mlangoni nikuone. Akwero, usisimame dirishani kama askari wa lindo, njoo ukae hapa kitandani, miguuni pangu. Na huyo mjukuu wangu Adoch aache kulia, ajifute uso, aingie na yeye, kwa sababu maneno ya leo yanamhusu kuliko sisi sote. Daktari aliyenirudisha nyumbani juzi hakuniambia kitu, alinishika tu mkono muda mrefu, na mimi niliyekuwa polisi miaka thelathini na moja namjua mtu anayeficha ushahidi. Nasema kwa Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowalea kwenye kambi ya polisi, Kiacholi changu mnakisikia nusunusu, na mama yenu Séraphine, aliyewakuta wadogo akawalea, hajapata kuvuka salamu.

Sikilizeni basi. Gari la timu ya taifa ya wasichana litafika hapa Kansanga kabla ya saa sita kumchukua Adoch aende kambi ya mazoezi. Viatu vyake vya mpira vimefungiwa ndani ya sanduku la bati, na ufunguo unaning'inia shingoni kwa baba yake, Opoka, chini ya shati, wala usidhani sikuuona. Nikifa kabla ya saa sita, Opoka ndiye mkuu wa nyumba hii na neno lake ndilo la mwisho. Basi sifi. Nimechoka, na miguu yangu ilitangulia tangu jana bila kuniaga, lakini mimi nangoja gari.

Usinikatize, Opoka! Najua utakalosema, ulilisema jana mbele ya dada yako bila haya: kwamba msichana anayecheza mpira haolewi, mtazameni Akwero, na kwamba hata kama mtoto ataenda, kwanza uone mbuzi wawili, kwa kuwa baba yako alipewa mmoja na siku hizi maisha yamepanda. Mwanangu, hilo la mbuzi ni kosa langu, na waliotutangulia walisema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Ng'ombe sina. Nina pumzi kidogo, na ndiyo nitakayolipa nayo.

Mwaka wa tisini na nane mimi nilikuwa sajini. Vita vya themanini na sita vilikuwa vimenipita nikiwa nimevaa sare hii hii ya polisi, nikabaki nayo, nikawalea ninyi kwenye chumba kimoja cha kambi, na Akwero akawa anacheza mpira na wavulana nyuma ya bohari. Nilijifanya sioni. Siku moja akaja mtu mwembamba, mwalimu wa shule, filimbi shingoni hata anaposalimia, akasema yeye ni Oketch, kocha wa timu mpya ya taifa ya wanawake, na ana barua ya kumwomba binti yangu kwa wiki mbili. Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Nikamwambia, mwalimu, binti wa watu hachukuliwi kwa karatasi. Kwetu anayeondoka na binti bila kuongea na wazee anatozwa mbuzi. Nilitaka kumfukuza tu kwa heshima, kwa sababu mfuko wa mwalimu naujua. Baada ya siku tatu alirudi juu ya bodaboda, dereva mbele, yeye nyuma, mbuzi katikati, na kati ya hao watatu mbuzi ndiye aliyeonekana mtulivu.

Ningefanya nini? Nilimla. Kambi nzima ilimla, hata wewe, Opoka, ulipewa figo ukataka na maini. Akwero akafunga kifurushi chake akaenda Lubaga walikokuwa wanafanyia mazoezi, na mimi nikafuta mdomo nikidhani mambo yamekwisha.

Lakini harufu ya mbuzi yule ilifika Gulu kabla ya mimi kuosha mikono. Kaka yangu mkubwa, baba yenu Oyet, Mungu amrehemu, alisikia kwamba nimepokea mbuzi kwa ajili ya binti, na mbuzi akipokewa maana yake kuna mkwe. Akapanda basi na wazee wawili, kwenye njia ile ya miaka ile ya waasi, ambayo mtu aliisafiri baada ya kuaga watoto mmoja mmoja, akaja kumwona huyo mkwe. Nikawapeleka uwanjani. Nilitembea taratibu nikiomba mvua inyeshe, na mvua ya Kampala, mnaijua, hainyeshi ukiiomba.

Tukawakuta wasichana ishirini na kitu. Jezi walizokuwa nazo ni za wanaume, zimewafika magotini, kwa mbali ni magauni, na hiyo ilinisaidia. Oyet, aliyewahi kuwa mwanajeshi na aliyependa Kiswahili chake kisikike na wageni, akaniuliza, "Mukwe iko wapi?" Ulimi ukaniteleza. Nikasema, huyo mwenye filimbi. Akahesabu wasichana kwa fimbo. "Na hii mabibi yote ni yake?" Nikasema ni ukoo mkubwa. Filimbi ikalia, wote wakatimua mbio. "Sasa mbona wanamukimbia?" Nikamwambia hawamkimbii, kaka, wanakwenda kazini.

Msicheke, mtanichekesha na mimi, na kifua hiki hakina ruhusa. Akwero, unakumbuka msichana mmoja mrefu alikupiga mwereka? Oyet akatikisa kichwa akasema wake wenza ni wake wenza tu. Ukainuka bila kulia, ukaufuata mpira, ukawapita watatu, ukapiga, na kwa kuwa goli halikuwa na wavu mpira ukaenda kumpiga ubavuni ng'ombe wa watu aliyekuwa akila majani kule nyuma. Oyet akashika kidevu. "Kumbe na ng'ombe wanazo," akasema. "Basi mahari tutangoja." Akaenda kumpa Oketch mkono, na Oketch, maskini, alidhani ni mzee aliyekuja kuipongeza timu, akainama, akasema atawatunza wote sawasawa.

Hivyo ndivyo ukoo mzima ulivyoamini kuwa Akwero ameolewa Lubaga, na unangoja ng'ombe mpaka leo. Habari hazina breki. Zilimfikia Rukiah, mke halisi wa Oketch, akaja kambini na mwiko mkononi, bado una ugali wa posho, akiuliza ni sajini gani anayemwoza mume wake. Na mimi, mwenye bunduki ya serikali, nilijificha nyuma ya tangi la maji mpaka jua likazama.

Hapo tulicheka wote, ila mmoja. Akwero, mwanangu, wewe hukucheka. Ulisema baba amekuonea haya, kwamba niliona ni afadhali niseme ni mke wa ishirini wa mtu mwembamba kuliko niseme ni mchezaji wa mpira. Hukukanyaga Gulu tena, kwa sababu kule watoto walikuita mke wa filimbi. Ulinisalimia, ulinipikia, ulininunulia dawa, lakini miaka ishirini na mitano hujaniambia tarehe ya mechi hata moja. Mimi nilizijua zote. Nilikuwa najipangia zamu mwenyewe. Ulipotazama ukaona polisi mmoja ameipa mgongo barabara na anatazama uwanja, nani mwingine angekuwa mjinga hivyo? Nilikuona ukimvulia mwenzako viatu pembeni, kwa sababu jozi zilikuwa chache, anayetoka anavua na anayeingia anavaa vikiwa bado na joto. Nilikuona mkifukuzwa uwanjani na vijana waliosema saa yao imefika, na kocha wenu akiwabembeleza kwa filimbi mdomoni. Leo nawaona kwenye televisheni, jezi zimeshonwa kwa miili yao, majina mgongoni, mtu wa kuwakanda misuli, watu wanalipa kuingia, na wewe kocha msaidizi wa hawa wadogo umesimama pale na kalamu sikioni, na ninajisemea, ng'ombe wa Oyet ndio hao.

Séraphine, nipe huo uji sasa. Kidogo. Basi.

Opoka, panda kiti, nishushie kofia yangu ya polisi pale juu ya kabati. Usipanguse vumbi, hilo ni langu. Ndani ya utepe kuna karatasi ndogo. Mpe dada yako. Soma, Akwero, macho yako ni mazuri kuliko yangu. Ni tiketi ya basi, Kampala kwenda Gulu. Wazee waliokuja walikuwa watatu, na tiketi za kurudia zilikuwa nne. Niliziona mfukoni mwa Oyet asubuhi ile alipotafuta ugoro, nikahesabu mara mbili kama polisi, na nikajua ya nne ni ya nani. Kama ningemwambia ni mpira tu, jioni ile ile ungekuwa ndani ya basi. Nilisema uongo, ndiyo, na uongo wenyewe ulikuwa mbaya na mke wa watu akashika mwiko, lakini sikuona haya, mama. Sikuwahi kuona haya hata siku moja. Nilikuwa naogopa. Oyet alipoondoka alinipa hiyo tiketi, akasema haina kazi tena. Nimeitunza. Ndiyo urithi wako, nyumba haikufikii, nyumba ni ya Séraphine mpaka achoke nayo mwenyewe, na atakayemsumbua nitarudi kumwona. Kiti changu mpe Oketch, anasimama sana. Opoka chukua redio, inashika stesheni moja, na hiyo moja inahubiri, itakufaa.

Nini hiyo inayolia? Nyamazeni. Séraphine, hebu tazama.

"Mzee, kuko mbuzi inalia inje, imefungwa ku gari ya mpira."

Gari limefika? Nilijua nitaliwahi. Na mbuzi! Akwero, nitazame. Umemwagizia kaka yako mbuzi? Mtoto wangu, hata wewe? Ulijua atadai, ukaona njia fupi ni kulipa. Na mimi ndiye niliyewafundisha. Nilifanya utani wa siku moja, umekuwa desturi ya nyumba, na kesho Adoch naye atamdai mtu mbuzi ili binti yake aende kukimbia kwenye majani. Hapana. Opoka, mbuzi huyo humpokei. Apelekwe kwa Rukiah leo, aambiwe sajini ametoka nyuma ya tangi. Na ng'ombe wa ukoo msiwangoje. Siku ya kunizika wazee wa Gulu watauliza mkwe yuko wapi, na Akwero ndiye atakayesimama awasimulie yote, hata la ng'ombe, na nataka wacheke kaburini kwangu. Mtu akilia kwanza, sawa. Lakini wacheke.

Sasa ufunguo. Opoka... Mimi sikuamrishi, bado kidogo tu na wewe ndiye mkuu. Nakuomba. Uliniuliza jana, baba ulikula mbuzi, mimi nile nini? Utakula nilichokosa mimi. Utakaa jukwaani kama baba wa mtu, bila sare, bila kujificha, na utapiga kelele jina la mwanao mpaka sauti ikauke. Mimi sijawahi kulitamka jina la Akwero uwanjani hata mara moja. Nililitafuna miaka yote.

Ndiyo. Asante. Nimesikia kufuli. Asante, mwanangu.

Adoch, njoo, beba viatu vyako. Kwetu anayesafiri hutemewa mate ya baraka na mzee, kifuani na miguuni. Séraphine, maji, tone tu, mdomo umekauka. Miaka yote ulijaa mate ya kugombana na leo... Haya. Ptu. Kifua hicho. Ptu. Viatu. Njia iwe safi. Ukiangushwa, usilie, inuka. Ukirudi, utukute... utakaowakuta. Kimbia, wasikuache. Opoka, mbebee begi.

Akwero, wewe ngoja. Gari haliondoki bila kocha. Vua raba. Na soksi.

Mimi nilikula mbuzi, mama, nikasahau kutema. Mechi ile ya kwanza mlipofungwa, ninyi mlilaumu mvua... mimi nilisimama pale getini nikijua ni mdomo wangu. Haya mate ni yako. Yamechelewa. Inua mguu... juu kidogo, siwezi kuinama. Ptu. Huo mwingine. Ptu.

Haya. Nenda, mwanangu. Nenda ukacheze.