Munyiva na Bendera ya Mawe Meusi

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, funika sufuria uje karibu. Kama uko njiani kutoka Isinya, ongeza sauti kidogo. Mimi ni Kui Muturi, na leo sina nia ya kuongea kwa upole.

Tumemzika Munyiva Kaloki. Narudia kwa waliofungua redio sasa hivi: Munyiva Kaloki, mama wa kituo cha polisi cha Mawe Meusi, kule nyuma ya Kisaju, hayuko nasi tena. Hakuwa askari. Hakuwahi kuvaa yunifomu. Lakini historia ya kituo kile huwezi kuisimulia bila yeye, na wapo watu ambao wangependa isisimuliwe kabisa. Ndiyo maana naisimulia.

Munyiva alitoka Mwala, Ukambani, akamfuata mumewe Kaloki, aliyekuwa akichonga mawe kwenye kware, yale machimbo ya mawe ya kujengea. Hapo akafungua kibanda cha githeri na chai. Alikuwa mfupi, na sauti yake ilisikika mpaka ng'ambo ya shimo. Wachonga mawe walimwogopa kuliko msimamizi wao. Ukiacha sahani bila kuiosha, kesho unakula kwa kiganja. Mimi nasema haya nikicheka, lakini walionipa habari hii hawakuwa wanacheka.

Siku hizo Mawe Meusi hakukuwa na polisi. Mbuzi wakiibwa, unaenda kuripoti Kitengela, na ukirudi wezi wameshamaliza supu. Ndivyo ilivyompata Naisenya, jirani wa Munyiva, mama wa Kimaasai mwenye boma karibu na barabara. Zizi lake zima lilifagiwa. Naisenya hakulia. Alitoa kipande cha shamba lake, akasema polisi wajengewe hapo. Wachonga mawe wakatoa mawe, kila Ijumaa mzigo mmoja. Munyiva akawapikia bure. Kituo kikasimama, askari wakaja, bendera ikapanda.

Narudia, kwa sababu kuna wanaojifanya wamesahau: shamba lilitoka kwa Naisenya, mawe yalitoka kwa wachonga mawe. Hakuna tajiri aliyetoa hata msumari.

Miaka ikapita. Askari wakahamishwa. Ikasemekana hawatoshi, watarudi. Mlango ukatiwa kufuli, na hawakurudi. Wakaja watu wengine, wenye vigingi na waya, wakasema hapo wamenunua. Kutoka kwa nani? Hawakusema. Naisenya alipowauliza, mkubwa wao alimjibu, "Mama, hapa hakuna polisi. Hii ni nyumba tupu."

Neno hilo, wasikilizaji, ndilo lililomchoma Munyiva. Nyumba tupu. Kituo kikipotea, wezi wangerudi, na nani angetoa shamba mara ya pili?

Sasa, desturi yetu mnaijua. Bendera kwenye kituo hupandishwa asubuhi, hushushwa jioni. Firimbi ikilia unasimama, hata kama umebeba mtungi wa maji. Munyiva akaamua hapo hapataitwa patupu. Akashona bendera. Nyeusi ilitoka kwa sketi ya shule ya bintiye Priscilla. Nyekundu ilitoka kwa shuka ya Naisenya, na miraba yake yote. Kijani ilikuwa pazia, nyeupe ilikuwa gunia la unga, na ngao aliichora kwa makaa. Firimbi aliiazima kware, ile ya kuonya watu kabla ya baruti kulipuka.

Priscilla ameniambia, "Mimi niliona aibu sana. Nikamwambia, mama, hiyo bendera iko na miraba kama blanketi. Akasema, ikipepea hakuna mtu atahesabu miraba."

Basi asubuhi akapiga firimbi, akapandisha. Watu wakasimama. Hata wale wa waya walijikuta wamesimama, nyundo mkononi. Ikawa hivyo asubuhi na jioni, na aliyethubutu kuchimba shimo la kigingi alizomewa mpaka akaacha. Mwishowe wakaenda kumshtaki, eti kuna mwanamke anachezea bendera ya taifa. Akatumwa Sajini Hillary wa Kitengela na askari wawili kumshika.

Naisenya alikuwepo. Msikieni: "Sajini alimwambia, mama, panda gari, tunaenda Kitengela. Mama Priscilla akanyoosha mikono atiwe pingu. Akauliza, 'Afande, kosa nimefanyia wapi?' Akaambiwa, hapa. Akasema, 'Basi nifungie hapa. Si cell iko? Mimi ndiye nilipikia watu wakiijenga. Kitengela siendi.'"

Akaketi chini. Wachonga mawe nao wakaketi, mbele ya gari na nyuma ya gari, bila hata mmoja kushika jiwe. Ukiwajua watu wale, hilo peke yake ni muujiza. Sajini akatazama mbele, akatazama nyuma. Ufunguo wa kufuli alikuwa nao. Akafungua mlango wa kituo, akamweka Munyiva ndani.

Hapo ndipo Sajini alipojifunga mwenyewe. Mfungwa haachwi peke yake, kwa hivyo askari wawili ikabidi wabaki. Askari wakibaki kuna zamu, kuna meza ya kupokea watu, na watu wakaanza kupanga laini na kesi zao siku hiyo hiyo. Asubuhi Sajini aliikunja ile bendera ya shuka kwa heshima, akapandisha nyingine iliyoletwa kutoka mjini. Firimbi aliipiga yeye. Munyiva alisimama wima ndani ya seli, na wenye waya walisimama nje. Aliachiliwa kwa onyo. Kituo hakijafungwa tena mpaka leo.

Na msidhani alikuwa kipenzi cha polisi. Akimkuta askari amesinzia zamuni, aligonga meza kwa mwiko mpaka kofia ianguke. "Hii kituo ni yetu," alikuwa akiwaambia. "Nyinyi mnakaa tu."

Presha ndiyo iliyomchukua. Mazishini, Sajini Hillary, ambaye sasa amestaafu, alisema, "Nilitumwa kushika mama mmoja. Yeye ndiye alitushika." Watu walicheka huku wakifuta macho. Mimi nililia, sifichi.

Kisha ukazuka ubishi. Vijana wa kware walitaka bendera ya kituo ishushwe nusu mlingoti. Askari wa zamu akasema hana mamlaka hayo. Sauti zikapanda. Ndipo Priscilla akasimama kando ya kaburi.

"Mama yangu alilala cell ndiyo hiyo bendera ikae juu," akasema. "Leo nani anataka kuishusha?"

Bendera ilibaki juu kabisa.

Kwa Priscilla, kwa Naisenya aliyempoteza rafiki yake, na kwa ukoo wote wa Kaloki, sisi hapa redioni tunasema poleni sana. Mungu awatie nguvu. Na wewe unayenisikiliza, jiulize: kituo kilicho karibu nawe, zahanati yenu, shule ya watoto wako, ni nani alitoa lile shamba? Siku mtu akija na waya aseme ni patupu, wewe utakuwa wapi?

Nimeambiwa wenye waya wameonekana tena Mawe Meusi wiki hii, wanauliza-uliza. Wanadhani mwenye kituo ameondoka. Sawa. Waje kesho asubuhi, na waje mapema. Firimbi ikilia, watasimama kama sisi wengine.