Pampu na Kaimu Pampu

Mara ya mwisho chemchemi ya bustani ya ofisi kurusha maji ilikuwa siku ya kuzinduliwa kwake, miaka kumi na moja iliyopita, na ilirusha kwa dakika ishirini. Baada ya hapo ikapata kazi nyingine, na hiyo imeifanya bila kukosa hata siku moja: ukingo wake wa mawe, mpana kama kiti na wenye kivuli cha jengo kuanzia saa nne, ndio kijiwe. Hapo hukaa Redio, dereva wa ofisi, mwenye chupa ya kahawa na habari ambazo hazijathibitishwa. Hukaa Fundi Koki, anayekumbukwa bomba likivuja na kusahauliwa likipona. Hukaa mzee Kamati, karani mstaafu aliyeagwa kwa keki na hotuba, kisha kesho yake akarudi kukaa nje. Na asubuhi hiyo akaja Bwana Shamba, mtunza bustani, ameishika fomu kwa ncha za vidole kama mtu aliyeshika panya mkia.

— Nimekwisha, ndugu zangu.

— Umefukuzwa? — Redio akauliza, huku akimmiminia kahawa.

— Bado. Mkurugenzi anataka maji yaruke hapa Jumatatu, wakaguzi wakija. Pampu nichague mimi. Yasiporuka, Jumanne naripoti dampo.

— Dampo kuna bustani?

— Kuna kunguru.

Redio akamwongezea kahawa kwa heshima. Waridi zote za pale Bwana Shamba alizipanda kwa mkono wake, na alizijua kama mtu anavyowajua watoto wa dada yake: huyu mtundu, yule mgonjwa-mgonjwa, na yule anayechanua akiona wageni.

— Fomu inarudi saa sita kamili, — akasema. — Yule dada wa masjala akishafunga droo, hata umletee malaika haifunguki. Sasa ni saa tano na nusu.

Mzee Kamati akavaa miwani, akaisoma fomu kwa mapenzi.

— "Kiasi cha maji kwa saa. Urefu wa maji kupanda. Sababu za kuchagua. Je, wadau wameshirikishwa? Idadi ya wadau." Fomu nzuri hii. Enzi zetu ilikuwa na kurasa nne.

— Andika kubwa kuliko zote! — Redio akadakia. — Mkurugenzi yuko ghorofa ya tatu. Anataka ayaone maji akiwa kitini, asisumbuke kusimama.

— Ghorofa ya tatu? — Fundi Koki akacheka mpaka kahawa ikamponyoka. — Hiyo si chemchemi, hiyo ni zimamoto.

— Ehee! Kwanza tuombe pampu ya zimamoto. Wana gari zima limekaa tu, linasubiri watu waungue.

— Na madirisha je?

— Yanaoshwa humohumo! Kazi mbili, pampu moja.

Mzee Kamati akainua kidole, ishara kwamba kikao kimefunguliwa.

— Wanangu, pampu moja ni hatari. Ikiugua? Ikienda likizo? Ziwe mbili: pampu, na kaimu pampu. Kaimu anakaa stoo, anakuwa tayari.

— Na kaimu akikataa kumwachia kiti mwenyewe akirudi? — Redio akauliza.

Mzee Kamati, ambaye aliwahi kukaimu miaka sita, akaanza kuipuliza kahawa yake iliyokwisha poa.

— Jamani, mnanimalizia muda! — Bwana Shamba akalalamika. — Fundi, wewe ndiye mwenye kazi. Sema neno.

Fundi Koki akachomoa futi yake ya chuma mfukoni.

— Pampu haichaguliwi kwa kelele, kaka. Inachaguliwa kwa beseni. Mzee, inuka kidogo nipitishe futi.

Mzee Kamati akainuka nusu. Redio akanyanyua miguu. Futi ikavuka kutoka makalio ya huyu hadi magoti ya yule.

— Mita nne. Kutoka bomba la katikati hadi ukingoni, mbili. Basi maji yasipande zaidi ya mita mbili, la sivyo kiupepo kidogo tu kitayamwaga nje. Andika mbili.

— Mbili zinaonekana ghorofa ya tatu? — Bwana Shamba akauliza.

— Akisimama.

Bwana Shamba akashusha pumzi. Saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Alikuwa ameshagusa karatasi kwa kalamu pale mama mmoja mwenye bahasha ya kaki alipotoka ndani, sura ya mtu aliyetoka dirisha namba tatu kwenda namba saba na kurudishwa namba tatu. Wakasogea, akakaa, akavua kiatu kimoja, akawasikiliza.

— Samahanini, mimi mgeni, — akasema. — Hayo maji yakianza kuruka, ninyi mtakuwa mnakaa wapi?

Redio akautazama ukingo alioukalia. Mzee Kamati akalipapasa jiwe lililokuwa chini yake, taratibu, kama mtu anayetafuta ufunguo. Fundi Koki akaikunja futi.

— Hata kwa mbili, kiupepo kikizidi kidogo ukingo utalowa, — akakiri kwa unyonge.

Bwana Shamba akawatazama mmoja mmoja.

— Fundi. Ile ndogo kuliko zote inapandisha kiasi gani?

— Ile ya kuzamisha majini? Lita mia tano kwa saa. Kwa bomba hili, kiasi cha goti. Yanapanda, yanajitazama, yanashuka palepale.

— Lakini yanaruka?

— Yanaruka, kisheria.

— Na Mkurugenzi akisema hayaoni? — mzee Kamati akauliza.

— Ashuke. Nafasi ya kukaa ipo.

Akaandika mbiombio. Kiasi: lita mia tano. Urefu: goti. Sababu: ukingo ubaki mkavu. Wadau wameshirikishwa? Ndiyo, na alama akaikoleza mara mbili. Penye idadi akaanza kuandika nne, akamwona yule mama akipokea kikombe kutoka kwa Redio na kuvua kiatu cha pili.

Akaandika tano, akaondoka mbio kuwahi droo.